Kwa Nini Huduma Mtandao Huendelea Kidhibiti Kimoja Kinapokufa, na Kwa Nini Wakati Mwingine Husimama

Mfanyabiashara wa Mbwawa, katika ukanda wa Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani, anapohuisha leseni ya duka lake leo halazimiki tena kupanda bodaboda hadi ofisi za halmashauri akiwa na bahasha ya fomu. Ombi hupita katika TAUSI, mfumo wa mapato ya serikali za mitaa ulio chini ya TAMISEMI. Namba ya kumbukumbu ya malipo hutolewa kupitia GePG, mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali unaotumika tangu 2017, na fedha hulipwa kwa simu ya mkononi. Umeme wa dukani hununuliwa kwa LUKU, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Safari imekwisha, lakini utegemezi umehama. Umetoka kwa karani na leja yake, ukaenda kwenye mitambo ya kuhifadhi data ambayo mfanyabiashara huyo huenda asiione maishani.

Mitambo hiyo ni vyombo, na chombo huharibika. Kifaa cha kugawa umeme huungua, feni hukwama, kumbukumbu hupata hitilafu, diski huchakaa. Zamani leja ikiloa mvua katika ofisi moja, hasara iliishia kwa wakazi wa eneo lile. Katika mfumo wa pamoja, hitilafu ya chombo kimoja inaweza kuwafikia kwa dakika ile ile mwenye duka wa Mbwawa, mvuvi wa Kilwa na msafirishaji wa Tunduma. Nchi imekwishaonja hali hiyo. Mei 2021 wateja wa LUKU walikaa siku kadhaa wakihangaika kununua umeme, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dkt. Medard Kalemani, akaagiza maofisa wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Iwe hitilafu ya namna hiyo imeanzia kwenye hifadhi, programu au mawasiliano, kwa aliyekaa gizani matokeo ni yale yale.

Katika vituo vya data, moja ya kinga za kwanza ni kutoiacha hifadhi mikononi mwa kidhibiti kimoja. Kidhibiti ni kompyuta iliyomo ndani ya mtambo wa hifadhi. Diski zenyewe hazijui lolote kuhusu leseni wala umeme. Ni ghala tu. Kidhibiti ndicho mtunza ghala: hupokea maombi yanayotoka kwenye seva kupitia mtandao, hujua kila kipande cha taarifa kiko kwenye diski ipi, hukagua ruhusa, huandika na kusoma. Mtunza ghala akianguka, mali yote imo ndani lakini mlango haufunguki. Ndiyo maana mitambo ya kazi nzito hujengwa ikiwa na vidhibiti viwili, kila kimoja kikiwa na kichakataji chake, kumbukumbu yake na milango yake ya mtandao, huku kila diski ikiwa imeunganishwa na vyote viwili kwa njia tofauti.

Idadi peke yake haitoshi. Kinachoifanya jozi hiyo kuwa kinga ni kwamba vidhibiti hupeana taarifa kabla ya kukubali kuwa kazi imefanyika. Malipo ya leseni yanapofika, kidhibiti cha kwanza hakisubiri yaandikwe kwenye diski, kwa sababu diski huenda polepole kuliko kumbukumbu. Huyaweka kwenye kumbukumbu ya muda, huyanakili kwenye kumbukumbu ya kidhibiti cha pili, na baada tu ya cha pili kuthibitisha kupokea ndipo seva hujibiwa kwamba malipo yamehifadhiwa. Kidhibiti cha kwanza kikifa sekunde inayofuata, risiti haipotei, kwa kuwa nakala iko kwa cha pili, nacho huikamilisha. Umeme ukikatika kwa vyote viwili, betri iliyomo ndani ya mtambo huilinda kumbukumbu hiyo, au huipa muda wa kumiminwa kwenye hifadhi ya kudumu. Betri yenyewe ni kitu kidogo, huchakaa baada ya miaka michache na haina mvuto wowote katika mjadala wa bajeti. Hata hivyo, ikiwa imekufa bila mtu kujua, malipo yanaweza kukatwa kwenye simu ya mwananchi yasionekane kwenye kumbukumbu za Serikali.

Ili kujua kama mwenzake yu hai, kila kidhibiti hutuma ishara fupi bila kukoma, mfano wa mapigo ya moyo. Mapigo yakikosekana mara kadhaa mfululizo, kilichobaki hutwaa kazi yote: huchukua anwani za mtandao za kilichokufa, hushika diski zake na kuendelea kuzijibu seva. Seva nazo huwa zimeunganishwa kwa njia mbili, na programu ndani yake huhamishia maombi kwenye njia iliyo hai. Mabadilishano hayo huchukua sekunde kadhaa, wakati mwingine yakakaribia dakika. Aliye Mbwawa huona ukurasa ukichelewa kidogo kufunguka, kisha namba yake ya malipo inatoka. Hajui kwamba kuna kompyuta iliyokufa, na wala hahitaji kujua.

Mahali penye hatari zaidi katika utaratibu huu ni pale mapigo yanapokatika ilhali vidhibiti vyote viwili ni vizima, pengine kwa sababu ya waya uliolegea. Kila kimoja kikijiona ndicho pekee kilichobaki, kisha vyote viwili vikaandika kwenye diski zile zile, taarifa huvurugika kiasi kwamba ingekuwa afadhali mtambo mzima uzimike. Kwa hiyo kidhibiti kinachotaka kutwaa kazi hulazimika kwanza kuhakikisha mwenzake amenyimwa diski, au amezimwa kabisa. Watu wasiofahamu hulalamikia sekunde hizo za kusubiri. Ni sekunde zilizotumika vizuri kuliko nyingine zote katika mtambo huo, kwa sababu huduma iliyosimama hurejeshwa, bali daftari la malipo lenye maandishi mawili yanayopingana huchukua wiki kulisafisha, na baadhi ya maandishi hayasafishiki.

Baada ya ufundi huja hesabu, na hapa ndipo taasisi nyingi duniani hujikwaa. Mtambo wa vidhibiti viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja una kishawishi chake: kwa kuwa vyote viwili viko kazini, msimamizi huona hakuna ubaya kuvipakia kazi zaidi kila mwaka. Mfumo mpya unaongezwa, kisha mwingine, mpaka kila kidhibiti kinabeba asilimia 70 ya uwezo wake. Siku kimoja kikifa, kilichobaki hudaiwa asilimia 140. Mtambo hautangazi kwamba umezimika. Hupunguza mwendo, maombi hujaa foleni, seva huchoka kusubiri na kukata mawasiliano, na mwananchi hubaki anatazama kiduara kinachozunguka kwenye simu. Kwenye karatasi, kinga ilikuwapo na ilifanya kazi. Zaidi ya hayo, mitambo mingi huacha kutumia kumbukumbu ya muda wakati wa kuandika pale kidhibiti kinapobaki peke yake, kwa sababu hakuna tena cha pili cha kunakilia, na hivyo mwendo hushuka hata pale mzigo usipozidi.

Kanuni inayofuata ni kwamba kila kidhibiti kisibebe zaidi ya nusu ya uwezo wake saa za kazi nyingi. Maana yake, Serikali inaponunua mtambo wa aina hii, nusu ya uwezo iliyoulipia itaonekana kila siku kama imekaa bure. Mkaguzi anaweza kuhoji, na kamati ya bajeti inaweza kutaka kujua kwa nini ununuliwe mtambo mwingine wakati uliopo una nafasi. Jibu ambalo maofisa masuuli wanapaswa kulitoa bila kigugumizi ni kwamba nafasi hiyo ndiyo bidhaa iliyonunuliwa. Gari la zimamoto lililoegeshwa halihesabiwi kuwa hasara kwa sababu halikwenda popote juma hilo.

Sharti la pili ni kwamba vidhibiti visiwe na kitu cha pamoja kinachoweza kuviangusha kwa mpigo mmoja, na mfano wake uko jirani kabisa na Mbwawa. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam na ya miji ya Pwani hutoka katika mitambo miwili: Ruvu Juu, iliyoko Mlandizi, Kibaha, yenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, yenye lita milioni 270. Pampu ya mtambo mmoja ikiharibika, mwingine huendelea kusukuma maji. Lakini Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka kwa ukame, mitambo yote miwili ilipungukiwa kwa pamoja, na DAWASA ikatangaza mgawo wa maji, kwa kuwa mitambo ni miwili ila mto ni mmoja. Jibu la Serikali halikuwa kujenga mtambo wa tatu kwenye maji yale yale, bali Bwawa la Kidunda, Morogoro, litakalohifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi.

Kwenye mawasiliano hali kama hiyo ilijitokeza tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu siku hiyo hiyo upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba nchini Tanzania na katika nchi jirani. Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliufahamisha umma na hatua za kuhamishia mawasiliano kwenye njia nyingine zikafuata. Kampuni zinazomiliki mikongo hiyo ni tofauti, mikataba ni tofauti, lakini sakafu ya bahari waliyopita katika eneo lile ni ile ile.

Ndani ya mtambo wa hifadhi, vitu vya pamoja ni vingi kuliko mnunuzi anavyodhani. Vidhibiti viwili hukaa kwenye sanduku moja. Huendeshwa kwa programu moja, kwa hiyo kosa lililomo katika programu hiyo liko kwa vyote viwili. Huenda vikapata umeme kutoka swichi moja ya ukutani, na hupoozwa na kiyoyozi kimoja. Na vyote viwili hutii amri bila kuuliza: mtu akifuta jedwali la taarifa kwa makosa, au mhalifu akilisimba kwa ufunguo wake, vidhibiti vitaitekeleza kazi hiyo kwa uaminifu na kwa kasi, vikinakiliana kila hatua.

Matukio matatu ya nje yanaonesha ukubwa wa jambo hili. Agosti 2010, katika jimbo la Virginia, Marekani, mtambo mkubwa wa hifadhi uliokuwa na kinga ya vipuri pacha ulipata hitilafu iliyohusu kadi za kumbukumbu. Taasisi 26 za jimbo ziliathirika, na kwa takriban wiki moja ofisi za magari hazikuweza kutoa leseni za udereva. Hifadhi iliyosifiwa kuwa haiwezi kusimama ilisimama, na waliolipa gharama ni madereva waliopanga foleni kwa jambo dogo.

Desemba 2016 ilikuwa zamu ya mamlaka ya kodi ya Australia. Mtambo wake wa hifadhi, uliokuwa umetumika kwa muda wa mwaka mmoja hivi, uliporomoka, ukazimisha tovuti na huduma za walipakodi, kisha Februari 2017 huduma zikasimama tena. Ripoti ya mamlaka yenyewe iligusa mambo ambayo kila mwenye dhamana ya TEHAMA angefaa kuyasoma mara mbili. Nyaya za nuru zilikuwa zimekazwa vibaya. Mtambo ulikuwa umepangwa kutanguliza kasi kuliko uimara. Dalili zilikuwa zimejitokeza miezi kabla. Na programu za kurejesha huduma zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mtambo ule ule ulioanguka. Hilo la mwisho ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

La tatu ni la karibuni zaidi. Tarehe 26 Septemba 2025, moto wa betri katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, ulisababisha mifumo zaidi ya 600 ya serikali kuzimwa. Mingi ilirejea hatua kwa hatua. Hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi wa umma, iliyoitwa G-Drive na yenye terabaiti 858, iliteketea bila nakala nje ya kituo. Dhidi ya moto wa namna hiyo, vidhibiti viwili katika chumba kimoja havina msaada, hata vingekuwa kumi.

Kwa Tanzania msingi wa kisheria upo. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye jukumu la kuratibu na kusimamia juhudi za Serikali Mtandao na kuzifanya taasisi za umma zizingatie viwango na miongozo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ulinzi huo unahusu pia upotevu na uharibifu, si wizi pekee. Kituo cha taifa cha data kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam, chini ya TTCL, kinatoa nafasi ya kuhifadhi data ndani ya mipaka ya nchi. Swali linalobaki katika kila taasisi ni la utekelezaji wa kila siku, na linapimika kwa njia moja ya kawaida kabisa: lini mara ya mwisho kidhibiti kimoja kilizimwa kwa makusudi, saa za kazi, huku wananchi wakiendelea kuhudumiwa?

Wasimamizi wengi hawapendi jaribio hilo, na kusita kwao kunaeleweka. Kama mambo yakienda kombo, lawama ni yao. Yakienda vizuri, hakuna anayejua kwamba lilifanyika. Zaidi, kumbukumbu ya kusimamishwa kazi kwa maofisa pale mfumo unapoanguka haimtii mtu hamu ya kugusa mtambo unaofanya kazi. Lakini kidhibiti cha pili ambacho hakijawahi kubeba kazi peke yake ni ahadi ya muuzaji tu. Inaweza kubainika kwamba anwani hazihami, kwamba seva tatu kati ya ishirini ziliunganishwa kwa njia moja, au kwamba betri ilikufa tangu mwaka juzi. Yote hayo ni afadhali yajulikane Jumanne saa nne asubuhi, mafundi wakiwa wamejipanga, kuliko mwisho wa mwezi wakati malipo ni mengi. Taasisi inayofanya jaribio hilo kwa ratiba, ikakuta kasoro na kuirekebisha, inastahili kulindwa hata kama huduma ilisita kwa dakika tano.

Jaribio hilo lina faida nyingine ambayo wananchi wangeiona moja kwa moja. Vidhibiti pacha huruhusu matengenezo bila kufunga huduma: programu ya kimoja huhuishwa huku cha pili kikibeba kazi, kisha zamu hubadilishwa. Kwa hiyo tangazo linalosema huduma zitasitishwa kupisha maboresho linaweza kusomwa kwa makini zaidi. Mara nyingine kusitisha ni lazima, hasa pale muundo wa hifadhidata unapobadilishwa au mfumo unapohamishiwa kituo kingine. Lakini pale kazi inapokuwa kubadilisha kifaa kimoja cha hifadhi, na bado huduma nzima inafungwa usiku kucha, ama mzigo umezidi nusu, ama hakuna aliye na uhakika kwamba cha pili kitabeba.

Matangazo yenyewe yangeweza kusema zaidi. Badala ya sentensi moja kuhusu maboresho ya mfumo na kuomba radhi kwa usumbufu, tangazo lingetaja ni huduma zipi zitaguswa na zipi hazitaguswa, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, malipo yaliyofanyika katika muda huo yatashughulikiwaje, na nani apigiwe ikiwa fedha zimekatwa bila risiti. Lingekuwa na mistari minne au mitano, na mwenye duka wa Mbwawa angejua kama anunue umeme wa siku tatu kabla ya Ijumaa jioni.